UTUNZAJI WA KONOKONO WANAOFUGWA NYUMBANI

Wananchi wanaofuga konokono wakubwa wa nchi kavu, ambao asili yao ni Afrika Mashariki, wanakumbushwa yafuatayo. Gamba likilainika au kumeguka, mara nyingi ni upungufu wa chokaa. Mgonjwa atengwe penye kivuli na unyevu, apewe maganda ya mayai yaliyooshwa na kusagwa. Chumvi isimguse, kwani humkausha hadi kufa.

Konokono mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Yasiyohitajika yachemshwe, yasitupwe shambani. Visiwa vingi vya Bahari ya Hindi na Pasifiki vimepoteza mazao kwa sababu ya konokono hawa.

Kila awashikaye anawe kwa sabuni, kwani huweza kubeba minyoo inayodhuru ubongo wa binadamu.