Pima Sebule Kwanza, Ndipo Uende Kariakoo

Wadogo zangu, safari hii maswali yenu yameelemea upande mmoja. Yupo aliyepokea mchezo, yupo aliyehamia chumba na sebule baada ya kukaa muda mrefu kwa shemeji, na wapo wawili waliooana juzi tu ambao bado wanatazama taarifa ya habari kwenye simu wakigombea mkao. Wote wanataka TV ya kwanza ya HD, na karibu wote wanauliza kitu kimoja: "Dada, ninunue ya kampuni gani?" Jamani, kampuni ni swali la tano au la sita huko. Liwekeni pembeni.

Anza na hili: humo ndani utatazama nini, na kitafika kwa njia gani? TV haitengenezi picha, inaonyesha inacholetewa. Ukiiletea picha hafifu kutoka kwenye king'amuzi cha zamani, itakuonyesha uhafifu uleule, tena umekuzwa kwa sababu kioo ni kikubwa. Halafu mtu anasema TV mbovu.

Nimeshaingia nyumba nyingi hapa Dar nikakuta kioo kipya cha inchi 43 kinang'aa ukutani, nyuma yake zimechomekwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zilizorithiwa kutoka TV ya chogo. Nyekundu na nyeupe ni sauti. Njano peke yake ndiyo inayobeba picha, na haiwezi kubeba HD hata ufanyeje. Mwenye nyumba amelipia HD, anatazama picha ileile ya chogo. Waya unaotakiwa ni wa HDMI, ambao ni wa bei ndogo ukilinganisha na TV yenyewe. Kama king'amuzi chako hakina tundu lake, basi bajeti yako si ya TV tu, ni ya TV na king'amuzi. Ni bora uchukue inchi 32 yenye king'amuzi cha HD kuliko inchi 50 inayolishwa kwa waya wa njano.

Na ukishachomeka HDMI usijisahau. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uangalie kinatoa picha ya ngapi. Wengi wanakiacha kwenye 576, wakati chaguo la 720 au 1080 lipo palepale chini yake. Umbo la picha liwe 16:9. Vipindi vya zamani vilipigwa kwa umbo lililokaribia mraba, kwa hiyo ukiona michirizi miwili myeusi pembeni iache hivyo hivyo. Kuna watu wanaivuta picha mpaka ijae, mtangazaji wa habari ananenepa mashavu kila saa mbili usiku na wao wanaona sawa tu.

Sasa tuje kwenye hizo namba za kwenye boksi. HD ya kawaida ina pikseli 1280 kwa 720. Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani kama milioni mbili. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Muuzaji atakwambia kadiri zinavyozidi ndivyo picha inavyozidi kuwa nzuri. Ni kweli, ila jicho lako lina mpaka, na mpaka huo unategemea umekaa umbali gani.

Kwa hiyo chukua futi kamba. Pima kutoka ukuta utakaoweka TV mpaka kwenye kochi unalokalia, si lile unalotamani kununua mwakani. Inchi za TV hupimwa kutoka kona hadi kona, hivyo zinadanganya kidogo. Ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi na kimo cha 40. Ya 43 ina upana wa 95, na ya 55 inafika sentimita 122. Kata gazeti au tumia kanga, bandika ukutani kwa vipimo hivyo, kaa uone. Hapo wengi wanaanza kushusha hamu ya inchi 65.

Kwa macho ya kawaida, ukikaa mita mbili kutoka kwenye TV ya inchi 32, huwezi kutofautisha HD ya 720 na Full HD. Kwa TV ya inchi 43, faida ya 4K juu ya Full HD inaanza kupotea ukivuka takriban mita moja na robo tatu. Sebule nyingi za kupanga, kochi liko mita mbili na nusu au tatu. Sasa unaongeza laki ngapi kwa ajili ya pikseli ambazo jicho lako halizioni? Kama ukifika dukani ukakuta ya 4K na ya Full HD zina bei moja, chukua 4K, haina madhara. Ninachokataa ni wewe kukopa ili uifikie.

Ushauri wangu uko wazi. Chumba kimoja au sebule ndogo, inchi 32 ya HD inakutosha vizuri sana. Sebule ambayo kochi liko mita mbili hadi tatu, inchi 43 ya Full HD. Ya 55 na 4K mwachie mwenye sebule pana na kitu cha kuilisha.

Kuhusu smati, mwaya, hapa nina maneno. Smati TV bila intaneti ya uhakika ni TV ya kawaida yenye rimoti ya vitufe vingi. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, na 4K mpaka GB 7. Piga hesabu ya filamu mbili za wikiendi kwa bando la simu yako, uone kama utafika Jumatatu. Kama una intaneti ya mwezi isiyo na kikomo, nunua smati kwa moyo mweupe. Kama huna, usilipie zaidi kwa ajili yake. Na zipo smati za bei chee ambazo picha ya Netflix imechorwa tu kwenye boksi, ukiifungua programu inagoma au inaonyesha picha ya chini. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, kwa hotspoti ya simu yako mwenyewe.

Maneno mengine ya kwenye boksi usiyatilie maanani sana. "LED" siku hizi karibu zote ni LED. Ni taa za nyuma ya kioo tu. Zile za vioo viwili, ambazo wauzaji wanaziita dabo glasi, zina maana kwa mwenye watoto wanaorusha midoli, kwa sababu kioo cha mbele kinapokea kishindo badala ya kile chenye picha. Ubaya wake ni kwamba zinaakisi mwanga. Ukiiweka ikatazamana na dirisha, mchana utajitazama mwenyewe.

Watu wa mtumba, msinikasirikie. TV iliyotumika Ulaya au Japani, ikashukia Zanzibar, inaweza kuwa mali kweli. Lakini geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Kwetu ni volti 230. Japani wanatumia 100 na Marekani 120. Kikiandikwa 100 hadi 240, chukua. Kikiandikwa 100 peke yake, utahitaji transfoma, na siku mgeni akiichomeka moja kwa moja ukutani utaagana nayo. Aliyeletewa na ndugu kutoka Muscat au Dubai hana shida hiyo, umeme wao unaendana na wetu. Jambo la pili ni antena: sisi tunatumia mfumo wa DVB-T2, na TV nyingi za kizamani za Uingereza zina DVB-T ya kwanza, za Marekani na Japani zina mifumo yao kabisa. Kama utatumia king'amuzi kwa HDMI, hilo halikuhusu. Na ukiambiwa "hii ina king'amuzi cha ndani, huhitaji kulipia", jua kwamba chaneli za kulipia zinabaki za kulipia, hakuna TV inayozifungua yenyewe.

Umeme wa kuitumia usiwatishe. TV ya inchi 32 ya LED inakula kama wati 50. Ukiiwasha saa sita kwa siku, mwezi mzima ni uniti 9 za LUKU. Kwa mtumiaji mdogo ambaye kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, bado ana nafasi ya pasi na feni. Kinachoua TV zetu ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nunua gadi ya TV siku ileile, usisubiri mshahara ujao. Radi ikianza, chomoa plagi na waya wa antena au dishi pia, maana wengi wanachomoa plagi wakiuacha waya wa dishi.

Sauti nayo ina hesabu yake. TV nyembamba ina spika nyembamba, na dabi ya Simba na Yanga bila sauti ya uwanja ni nusu ya dabi. Kama una sabufa nyumbani, kabla ya kulipa angalia TV ina tundu gani la kutolea sauti: la hedifoni, la nyekundu na nyeupe, au bluetooth. Nyingine zinatoa sauti kwa njia ya optiko peke yake, na sabufa yako haina tundu hilo.

Sasa nenda dukani, na uende mchana, usiende na haraka. Winga atakudaka kabla hujavuka barabara na kukwambia duka fulani limefungwa. Tabasamu, pita. Nenda na flashi yenye video moja safi ya HD na picha tupu za rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. TV za dukani zinawekwa kwenye mwanga mkali na rangi kali kupita kiasi, kama samaki wa Feri anayemwagiwa maji kila dakika ang'ae. Omba waitoe kwenye modi ya dukani waiweke ya kawaida, kisha weka flashi yako. Kwenye picha nyeupe tafuta nukta nyeusi au vivuli, kwenye nyeusi tafuta nukta zinazowaka. Ijaribiwe ileile utakayoondoka nayo, si ya maonyesho halafu ukapewa boksi lililofungwa.

Hapo ndipo kampuni inapoingia. Chagua jina ambalo fundi wako wa mtaani analijua na vipuri vyake vinapatikana, mengine ni sifa tu. Majina makubwa yanaghushiwa, kwa hiyo soma herufi za jina moja moja, na namba ya kwenye boksi ilingane na ya nyuma ya TV. Dai risiti ya EFD yenye jina la TV na bei uliyolipa kweli. Waranti iwe imeandikwa na kugongwa muhuri, na uliza haihusu nini: mara nyingi kioo kilichopasuka na umeme uliozidi havimo. Kioo kikipasuka, bei ya kukibadilisha hukaribia bei ya TV nzima, ndiyo maana kuibeba kwenye bodaboda ni kamari. Lipia bajaji, isimame wima, usiilaze.

Mkishaifunga nyumbani, boksi na vifungashio vyake msimpe mtoto wa jirani. Liwekeni juu ya kabati pamoja na risiti mpaka waranti iishe, kwa sababu maduka mengi hayapokei TV iliyorudi bila boksi lake.