Mvua Imeanza: Mtoto Anayehara Asinyimwe Maji



Mkoani kwetu Katavi mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ni majira ya baraka, maana ndipo familia za Litapunga zinapolima na kupanda. Lakini mvua hiyo hiyo huzoa kinyesi vichakani na vyooni na kukiingiza katika visima vifupi na vijito. Ndiyo sababu ni lazima tujihadhari na kuhara, pamoja na kipindupindu.

Kinachoua ni nini?

Baadhi ya wazazi husema, "Tusimpe maji, atahara zaidi," au, "Ni meno tu." Hapo ndipo penye hatari. Mara nyingi mtoto anayehara hufa kwa sababu mwili wake umeishiwa maji na chumvi. Ukingoja hadi njia ikauke ndipo umpeleke zahanati, huenda ukachelewa. Matibabu yaanze nyumbani.

Mwaka 1971 kipindupindu kiliwaingilia wakimbizi kutoka Bangladesh waliokuwa Bangaon, India. Dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, na ndugu zao wakasaidia kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Fanya hivi

1. Anza na choo cha kwanza. Koroga pakiti ya ORS katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Kama huna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha. Onja: yasizidi machozi kwa chumvi. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

2. Kila akihara, mtoto chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe kikubwa. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko.

3. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

4. Omba vidonge vya zinki zahanati. Vitumike siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Mpeleke zahanati bila kuchelewa ukiona macho yamedidimia, analegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au choo kina damu. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, toa taarifa pia kwa uongozi wa kijiji. Njiani endelea kumnywesha.

Kinga

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, hata mnapokaa kwenye vibanda vya shambani. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, tena upande wa chini. Nawa mikono kwa sabuni au majivu utokapo chooni, na kabla ya kupika na kula.

Mungu ametukabidhi watoto hawa. Sukari, chumvi na maji safi havikosi kupatikana kwa jirani. Tusione haya kuomba.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Nani kati yetu anaweza kuwaonyesha wengine namna ya kutengeneza maji haya?
2. Kisima tunachochota kiko umbali gani na choo kilicho karibu?