Maua ya Meza Yamo Migombani

Pambo la katikati ya meza ya harusi lina kazi mbili: kuijaza meza kabla chakula hakijafika, na kuwaonyesha wageni kwamba walikuwa wanasubiriwa. Ua lolote bichi linazimudu. Kinacholiaibisha pambo ni kunyauka, wala si bei yake.

Msomaji wa Nyabibuye anaolewa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Meza za wageni ni ishirini, michango imeishia kwenye chakula na mahema, na bei aliyotajiwa na mpambaji kwa maua ya plastiki ya kukodi imemshinda. Angependa kutumia maua ya nyumbani, lakini shangazi yake anasema hayo ni maua ya msibani na wakwe watacheka. Anauliza amsikilize nani.

Kwanza msimu. Katika nyanda za Kibondo na Kasulu mvua hukatika Mei, na kufikia Agosti maua mengi ya mvua yamekwisha. Bogenvilia ndiyo hunoga wakati huo, kwa kuwa huchanua zaidi udongo unapokauka. Zile zinazoitwa petali zake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo kaliko katikati. Ndiyo maana rangi yake hudumu hata ikikauka kama karatasi. Majani ya kijani ndiyo hunyauka upesi na kuchukua maji, hivyo yapukutishwe yote mara tawi likikatwa, kisha matawi yalazwe ndani ya beseni la maji kwa saa moja. Miiba ina ukali wake. Glavu au kitambaa kizito kinahitajika.

Alizeti ya shambani kwa kawaida itakuwa imeshavunwa, kwa hiyo ya harusi hupandwa kwa makusudi, bondeni au karibu na kisima. Huchanua baada ya siku 60 hadi 80, kutegemea mbegu na baridi. Apande katikati ya Juni, arudie baada ya siku kumi, ili awamu moja ikikosea nyingine ikae sawa. Nafasi ya sentimita 15 kati ya mche na mche hutoa vichwa vidogo, na kwa meza hivyo ndivyo vizuri. Kichwa kikubwa huinamia sahani ya mgeni. Vitatu kwa meza ni sitini, basi mbegu mia moja kwa kila awamu si nyingi. Majani ya mkaritusi na masuke ya mtama hujaza panapobaki. Mawaridi yasahaulike: mengi hutoka mashamba ya Arusha na Kilimanjaro, na safari hiyo humaliza fedha na uhai wa ua.

Chombo chenyewe kimo migombani. Wapambaji wa mjini huchomeka maua kwenye sifongo ya kijani, bidhaa ya plastiki iliyobuniwa Marekani miaka ya 1950. Shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu hufanya kazi ileile bure, kwani limejaa maji. Shina la mita mbili hukatwa vipande vinane vya sentimita 25, na kila kipande hupasuliwa kwa urefu. Mashina mawili hutoa nusu 32, zinazotosha meza ishirini na akiba. Upande bapa hulala chini, matundu hutobolewa juu kwa msumari, mabua hukatwa mshazari na kuchomekwa. Urefu wote usizidi sentimita 30, wageni waonane.

Maua yakatwe Ijumaa jioni, jua likishazama, yalale kwenye ndoo za maji chumbani penye ubaridi. Kijiko cha sukari na viwili vya maji ya limau kwa lita moja huyasaidia kunyonya maji. Kuchomeka kufanywe alfajiri na watu wanne, wala bibi harusi asiwe mmojawao.

Kuhusu shangazi: ana hoja. Maua yakichanganywa rangi ovyo na kufungwa mafungu yanafanana kweli na ya kaburini. Dawa ni rangi mbili tu, njano na zambarau, na meza zote zilingane. Wiki moja kabla, kitengenezwe kipande kimoja, kikae mezani kwake usiku na mchana. Akikiona bado kimesimama kesho yake, apewe usimamizi wa meza kuu pamoja na fedha kidogo iliyopo. Huko ndiko macho ya wakwe yatakakokuwa. Asipolainika, bibi harusi aendelee na mpango wake, kwa adabu.

Chini ya kila kipande iwekwe sahani au nailoni. Utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cheupe huacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni, na kitambaa cha kukodi hulipwa.