Kumi kwa Kumi Yako, Raha Yako: Vidokezo 7 kwa Mwenye Chumba Kidogo

Kodi ya miezi sita umeilipa kwa mkupuo, dalali kachukua chake, funguo unazo. Jana chumba kilipokuwa kitupu ulikiona kama uwanja wa mpira. Leo kitanda kimeingia, jiko limeingia, mabegi yameingia, na wewe mwenyewe umebaki mlangoni unashangaa. Usikate tamaa! Chumba ni kilekile. Vuta stuli, kama pa kuiweka papo, tuanze.

1. Futikamba kwanza, Keko baadaye

Mafundi wa Keko, Dar, wanatengeneza sofa za kukusahaulisha unakoishi. Jirani yangu alisahau. Sofa lake la umbo la L lilifika na kirikuu, likagoma mlangoni, likasimamishwa wima, likagoma tena, likaishia kulala nje siku tatu chini ya turubai. Watoto wa nyumba nzima walilifaidi kuliko mwenyewe.

Kwa hiyo pima chumba, pima mlango, pima na ile kona ya korido. Kisha tandaza magazeti ya zamani sakafuni kwa ukubwa wa kitu unachotaka kununua, uishi nayo jioni moja. Ukijikuta unayakanyaga kila ukienda kuchota maji ya kunywa, jibu umelipata bila kutoa hata shilingi. Na hesabu ndogo: kumi kwa kumi ni futi za mraba 100. Kitanda cha tano kwa sita kinakula 30, cha nne kwa sita kinakula 24. Kama unalala peke yako, hizo 6 za tofauti ni meza nzima ya futi mbili kwa tatu. Unazitupaje?

2. Mtaka cha uvunguni ana bahati

Methali inasema sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni mazoezi ya bure. Samadari, vile vitanda vya watu wa Unguja, zilikuwa ndefu kwenda juu, nyingine mtu alipandia kigoda, na chini yake pakabaki pa kusukumia sanduku. Kitanda chako kikiwa kimelala chini mno, mwambie fundi aongeze miguu, au weka tofali zima chini ya kila mguu, lile pana lisiloyumba.

Sasa zile shangazi kaja zilizorundikwa kwenye kona zihamie huko, nguo za msimu nyuma, za kila wiki mbele. Na una droo la kabati lililokufa? Usilitupe! Fungia magurudumu manne madogo chini na kamba mbele. Ukivuta viatu vinakuja, ukisukuma vinarudi. Hakuna tena kutambaa na tochi ya simu mdomoni kutafuta kandambili ya kushoto.

3. Panda ukutani

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye siri kubwa. Ukiingia katika nyumba za mawe za Lamu utashangaa vyumba vilivyo vyembamba. Sababu ni mti: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Tajiri awe tajiri, upana wa chumba chake uliamuliwa na mkoko. Basi wakafanya nini? Wakarefusha chumba, kisha wakazijaza kuta zidaka, vile vishubaka vya chokaa vinavyopangwa safu juu ya safu, wakaweka humo sahani za kauri na vitu vya thamani. Ukuta ukabeba mapambo na mali kwa pamoja, sakafu ikabaki ya watu.

Wewe usianze kutindua ukuta wa mwenye nyumba, tafadhali. Nenda sokoni ununue matenga ya mbao ya nyanya yaliyokwisha kazi. Yapige msasa, yapake rangi, yapange moja juu ya jingine midomo ikitazama chumbani, kisha yafunge pamoja kwa skrubu ili yasije yakakuangukia usiku. Sufuria na vitabu vikae chini, vyepesi juu. Hizo ndizo zidaka zako, na siku ya kuhama zinaondoka na wewe! Ukipata ruhusa ya misumari michache ya zege, weka ubao juu ya mlango. Kule ndiko kwa vitu vyepesi vya sikukuu.

4. Doti mbili, kazi nne

Kipande kimoja cha kanga kina urefu wa kama mita moja na nusu na upana unaozidi kidogo mita moja. Kinatosha dirisha dogo. Cha pili kitundike kwenye waya mbele ya matenga yako, fujo yote ya ndani itapotea machoni pa wageni. Doti nyingine ining'inie kutoka darini, ikitenga kitanda na upande wa kukaa: tayari una chumba na sebule, na kodi haijapanda. Kipande kikibaki, shonea foronya za mito.

Ila soma jina la kanga kabla ya kutundika. Ukiweka la vijembe kwenye dirisha linalotazamana na la jirani, usije kulalamika kwangu.

5. Kioo mkabala na dirisha

Rangi ya maji nyeupe au ya maziwa, kioo kirefu kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, pazia jepesi. Basi. Na usiku, badala ya ile taa moja kali ya darini inayokufanya uonekane umetoka kulazwa, weka balbu ya mwanga wa njano kwenye kona.

6. Chumba nacho kinapumua

Anayeishi Dar anajua masika inavyofanya: unavuta kiatu cha ngozi Aprili, kimeota koga. Kabati lisigandamane na ukuta; acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Mtungi wa gesi usimame wima karibu na dirisha au mlango, mbali na pazia. Mkaa, hata mvua inyeshe vipi, usiuwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Ile hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Chandarua chukua cha duara kinachoning'inia kwenye ndoano moja. Asubuhi unakifunga fundo, chumba kinapanuka papo hapo.

Vyombo vya ziada navyo hukiziba chumba pumzi. Una chupa za chai tatu na hotipoti nne za zawadi ya harusi? Baki na moja moja. Wengine wanaolewa mwezi ujao, unanielewa.

7. Mgeni akibisha hodi

Wasiwasi mkubwa wa mwenye chumba kimoja ni huu: mgeni atakaa wapi? Miji ya pwani ilijibu zamani kwa kujenga baraza nje ya nyumba. Maongezi yalifanyika pale, kahawa ilinywewa pale, na ndani watu walikaa kwa nafasi yao. Kama nyumba yenu ina kibaraza au uani penye kivuli, patumie bila haya. Kwa siku za mvua nunua mkeka mkubwa wa ukindu na mito miwili mitatu. Ukiutandika una sebule ya watu sita. Wakiaga, unauviringisha, unausimamisha nyuma ya mlango, na unaitikia "Karibuni tena" ukiwa umekwisha kunyoosha miguu.