SOMO LA KIINGEREZA: KITENZI «WORK» NA KUTUMIKA KWETU



Safari hii tunaangalia neno moja dogo ambalo sisi wote tunafikiri tunalijua: «to work». Tunalipata tangu mwaka wa kwanza wa Kiingereza, lakini linatuangusha ku mtihani kuliko maneno marefu. Tumeligawa somo katika sehemu nne, na mwishoni mna zoezi.

1. Namna ya kulisema

Wengi wetu tunachanganya «work» na «walk». Ukisema «My father walks at Kalundu», Mwingereza atasikia kwamba baba anatembea tu kule bandarini. Kifaransa kitusaidie. Chukua sauti ya katikati ya neno «sœur», weka w mbele na k nyuma: hapo umekaribia «work». Kwa «walk», chukua sauti ya «porc», na ile l isisikike hata kidogo.

2. Maana zake

(a) Kufanya kazi: «She works in the field», anafanya kazi shambani. Hapa angalieni: «work» kama jina halihesabiwi. Hatusemi «I have a work», tunasema «I have a job».

(b) Mashini kuwa nzima: «The engine works». Hapa Kifaransa kinatudanganya. Mfaransa husema injini «marche», nasi tunasema mutere ya mtumbwi inatembea. Basi mwanafunzi anaandika «The engine walks». Injini haina miguu! Warundi, majirani zetu, wako karibu zaidi na Kiingereza: neno lao «gukora» linafaa kwa mtu na kwa mashini pia.

(c) Kuleta matokeo: «The medicine works», dawa imefaa, homa imeshuka.

(d) Kukitengeneza kitu kwa mikono: «to work clay», kuufinyanga udongo.

(e) «To work out»: kutafuta jibu la hesabu mpaka kulipata. Siku hizi ni pia kufanya mazoezi ya mwili.

3. Asili yake

Katika Kiingereza cha zamani neno lilikuwa «wyrcan», na wakati wake uliopita ukatoa «wrought». Wale wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya 1611 wanakutana na «wrought» mara nyingi; si neno geni, ni «worked» ya zamani. Chuma kilichofuliwa kinaitwa mpaka leo «wrought iron». Kutoka ukoo huohuo tuna «wright», maana yake fundi: «shipwright» ni fundi wa mashua. Na wale ndugu wawili wa Marekani walioruka kwa ndege mwaka 1903 waliitwa Wright, yaani jina la mafundi.

Wagiriki walikuwa na neno la mzizi uleule: «ergon», kazi. Tazameni watoto wake. «Energy» ni nguvu iliyo kazini. «Surgery», Kifaransa «chirurgie», ni kazi ya mikono. «Liturgy», ambayo kanisani tunaiita liturjia, ilikuwa kazi iliyofanywa kwa ajili ya watu wote. Na kila Georges wa shule hii ajue kwamba jina lake ni mkulima: anayefanya kazi ya udongo.

Kifaransa «travailler» kilipita njia nyingine. Wataalamu wengi hukitoa katika neno la Kilatini «tripalium», chombo cha miti mitatu cha kufungia na kutesa watu. Ndiyo sababu «travail» ni pia uchungu wa kuzaa. Neno hilo lilivuka bahari likawa «travel» ya Kiingereza, kwa sababu kusafiri zamani kulikuwa mateso. Mtu wa barabara ya Uvira kwenda Baraka wakati wa mvua hatashangaa.

4. «Work» na kutumika kwetu

Sasa tuje nyumbani. Kwetu tunasema «Baba iko anatumika ku Leta», «Kaka alitumika ku Kiliba, ku sukari». Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, «kutumika» ni hasa kufanywa chombo: kisu hutumika kukatia nyama. Mtu wa kwetu akimwambia mkalimani wa Tanzania au Kenya «ninatumika ku hospitali», mkalimani anaweza kuandika «I am used at the hospital». Watu wetu wengi walivuka ziwa kwa sababu ya vita vya 1996, wakakaa kambini Nyarugusu, na wengine wakafika hata Marekani. Mbele ya ofisi ya namna ile, neno moja si mchezo. Semeni «ninafanya kazi».

Lakini kuna jambo lingine ndani ya neno letu. «Kutumika» kunatoka katika «kutuma». Humo mna mtume, mtumishi na utumishi. Anayetumika ametumwa na mwingine. Ni neno lenye heshima, maana kumtumikia mwenzako ni jambo jema. Lina pia kumbukumbu chungu. Wakati wa Wabelgiji, tangu 1917, sheria iliwalazimisha wanakijiji kulima mimea iliyotakiwa na serikali, siku 60 kwa mwaka, na bonde letu la Ruzizi lililimwa pamba. Wale walikuwa wametumwa kweli.

Taabu ni kwamba tumezoea kufikiri kuwa asiyetumwa na bwana fulani hatumiki. Mwanafunzi anajaza fishi ya shule: kazi ya baba, mwalimu, kazi ya mama, hana. Na huyo mama anaamka saa kumi za usiku kungojea mitumbwi ya ndagala, anakausha, anauza sokoni, na minervali inatoka mkononi mwake! Kitenzi «work» hakiulizi nani amekutuma. Kinauliza: umefanya nini? Basi tukijaza fishi tena, tuandike ukweli: «My mother works. She sells fish.»

ZOEZI. Tafsirini kwa Kiingereza, bila «walk» na bila «used»:
1. Mama anafanya kazi shambani Sange.
2. Mutere ya mtumbwi haitembei.
3. Dawa ile haikufaa.
4. Dada anatafuta kazi Bujumbura.
5. Tumetafuta jibu la hesabu mpaka tumelipata.

Leteni majibu kwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya Ijumaa.