Pesa za marehemu ziko wapi? Kuzitafuta bila kuvunja jamaa

Katika kazi yetu ya kupatanisha watu hapa Kalemie tulizoea kuitwa kwa ajili ya mashamba, mipaka ya vijiji na mambo yaliyobaki nyuma ya vita. Lakini mara nyingi tunakuta kwamba ugomvi unaogawanya jamaa unaanzia kwenye bahasha: baba amekufa, alikuwa na kazi, inasemekana kuna pesa zake mahali fulani, na kila mtu anamshuku mwenzake kuwa amekwisha kuzichukua. Mara nyingi hakuna aliyezichukua. Zimelala tu kwenye faili, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuziuliza akiwa na karatasi zinazohitajika.

Somo hili linaeleza namna ya kuzitafuta. Linaweza kutumika katika vikundi vya wajane, kamati za amani za kartie na vikundi vya akiba.

Kwanza tuondoe tumaini la bure. Wazee wengi wa reli, wa bandari na wa kile kiwanda cha nguo cha FILTISAF hutuletea vitabu vya akiba vya miaka ya 1980, vimehifadhiwa vizuri ndani ya plastiki. Inatuuma kuwaambia ukweli. Mwaka 1993 Zaire mpya moja ilichukua mahali pa Zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franga moja ya Kongo ilichukua mahali pa Zaire mpya 100,000. Maana yake franga 1 ni Zaire za zamani bilioni 300. Hata kama kitabu kinaonyesha milioni 10, hesabu yake leo haifiki hata senti. Mtu asiuze mbuzi ili apate nauli ya kwenda kudai pesa hizo. Lakini kitabu asikitupe, maana kinaweza kuwa na jina, tarehe na saini ambazo zitasaidia kuthibitisha jambo lingine.

Pesa ambazo kweli zinaweza kupatikana ni za namna nyingine. Kuna mshahara wa mwisho na hesabu ya mwisho ambayo mwajiri hakuilipa. Kuna pensheni ya waliobaki, kutoka kwenye mfuko wa taifa wa jamii. Mfuko huo uliitwa INSS tangu 1961, na tangu 2018 unaitwa CNSS, kufuatana na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Watumishi wa Serikali wana mfuko wao, CNSSAP, ulioundwa mwaka 2015. Tena kuna pesa za benki, hasa kwa sababu tangu 2011 Serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia benki, na wengine walikufa huku konti zao zina kitu. Na siku hizi kuna pesa za simu.

Kwa mfuko wa CNSS, mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia ya mshahara, na mwajiri huongeza 13 kwa mia. Kwa hiyo karatasi ya mshahara, ile fishi ndogo ambayo watoto hufungia karanga, ni ushahidi. Inaonyesha kwamba baba alikatwa, na mara nyingi ina namba yake ya uandikishaji. Kama mwajiri alikata lakini hakupeleka, fishi hiyo ndiyo itakayomwezesha mkaguzi wa mfuko kumfuata. Ikiwa fishi hakuna, tafuteni cheti cha kazi, kadi ya zamani ya INSS, kadi ya huduma, hata barua ya kupandishwa cheo. Waulizeni pia wafanyakazi wenzake waliostaafu. Wao wanajua daftari la watumishi lilihamishiwa wapi kampuni ilipofungwa.

Kuhusu mshahara, msikawie. Sheria ya kazi ya 2002 inatoa mwaka 1 tu kudai mshahara, na miaka 3 kwa madai mengine mengi yanayotokana na mkataba. Kabla ya mahakama, jambo hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi ajaribu kupatanisha pande mbili. Watu wengi humwogopa mkaguzi huyo kama askari, kumbe kazi yake hapo inafanana na yetu.

Sasa karatasi. Kila ofisi itauliza mambo matatu: je, mtu huyu amekufa kweli? Ninyi ni nani kwake? Nani ana ruhusa ya kusema kwa niaba yenu? Jibu la kwanza ni cheti cha kifo cha etat civil. Karatasi ya hospitali au ya shefu wa kartie ni njia ya kukipata tu, haikisimamii. Jibu la pili ni cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jibu la tatu ni PV ya baraza la jamaa pamoja na uamuzi wa mahakama unaomthibitisha msimamizi wa urithi.

Katika jimbo letu la Tanganyika watu wengi walikimbia mara mbili au tatu, nyumba ziliungua, karatasi zikapotea. Wengine hawakuwa nazo tangu mwanzo. Kuna dawa. Mahakama ya amani, tunayoiita Tripaix, hutoa hukumu inayochukua mahali pa cheti kilichokosekana; makarani huiita «jugement supplétif». Kwa watoto wadogo ni mahakama ya watoto. Unaandika ombi la ukurasa mmoja, unaleta mashahidi wanaojua tukio lenyewe, kisha hukumu inapelekwa etat civil iandikwe kwenye daftari. Ulizeni bei rasmi mezani na mdai risiti.

Jambo linalokwamisha watu kuliko yote ni majina. Mjane mmoja wa komine ya Lukuga alikuja kwetu na bati la biskuti lililojaa fishi za mume wake, miaka kumi na tisa ya kubeba mizigo bandarini. Tukafurahi. Kisha tukaona kwamba kwenye fishi jina limeandikwa kwa «K», kwenye kadi ya uchaguzi kwa «C», na kwenye cheti cha kifo jina la babu limekuja mbele. Kwetu alikuwa mtu mmoja. Kwa karani wa ofisi walikuwa watu watatu. Ilibidi kurudi mahakamani kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu yule yule.

Lakini kosa kubwa katika jambo hilo lilikuwa letu. Tulimhurumia yule mama, tukajua shemeji zake walikuwa wakali, basi tukaona afadhali tumsaidie kimya kimya mpaka pesa zitoke. Tulipeleka faili bila baraza la jamaa. Shemeji mkubwa alisikia, kama mambo yanavyosikika Kalemie. Aliandika barua ya kupinga, akidai kwamba mama huyu si mke wa kweli na kwamba sisi ni watu wa komisheni. Faili likasimama miezi minane. Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi: mtoto mmoja aliugua, na neno la uchawi likaanza kutajwa kumhusu mama. Hapo tuliogopa.

Tulikwenda kwa yule shemeji kuomba radhi. Kweli alikuwa na hasira, lakini hakuwa mwizi. Yeye ndiye aliyelipa sanduku na matanga, na hakuna aliyemwambia hata asante. Tukaketi mara nne, na mzee wa ukoo na mama mmoja wa kanisa. Siku ya tatu tuliandika hesabu kwenye karatasi kubwa ukutani, kwa mkaa. Nasi tunaomba kila kikundi kifanye hivyo, maana watu hugombana zaidi juu ya kiasi wasichokijua.

Hesabu ni hii. Tuseme benki ina dola 4,800, zote zilipatikana wakati wa ndoa. Kama wawili hawakuchagua taratibu nyingine walipooana, mali waliyochuma pamoja ni ya wote wawili. Kwa hiyo dola 2,400 ni za mjane tangu mwanzo, si urithi. Zile 2,400 zinazobaki ndizo urithi. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu, yaani 1,800, nao wanagawana sawasawa, wa kike na wa kiume, na hata waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwakubali kisheria akiwa hai. Zinabaki 600: sehemu moja ya kumi na mbili kwa mjane (200), moja kwa baba na mama wa marehemu (200), na moja kwa ndugu zake (200). Shemeji alipoona kwamba ndugu wamo kwenye karatasi, hata kama ni kidogo, uso wake ulilegea. Jamaa wakakubali wenyewe kwamba gharama za matanga zirudishwe kwanza kabla ya kugawa.

Pensheni ya waliobaki haiingii katika mgawanyo huo. Ni ya mjane na yatima, na wazazi waliokuwa wakitunzwa na marehemu. Ndugu zake hawamo. Hilo tulilisema wazi siku ile ile, lisije likawashangaza watu baadaye. Kuhusu pesa za simu, tunawasihi watoto wasitumie namba ya siri ya marehemu kutoa pesa usiku. Hata kama ni franga elfu ishirini, zikigunduliwa zitaharibu mazungumzo ya miezi. Nendeni kwenye ofisi ya kampuni ya simu mkiwa na cheti cha kifo na PV.

Barua ya kupinga iliondolewa, faili likaendelea, na mama yule sasa anapokea. Si nyingi. Analipia watoto wawili shule.

Wapo watakaowaambia, «Nipe dola hamsini, nitavuta faili lako Kinshasa.» Msiwape. Ofisi ikiwa na faili lenu ina namba ya faili hilo. Ombeni namba, kisha mwulize wenyewe. Tahadhari hii ni kali zaidi kwa waathirika wa vita. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na 225 kati yake ni kwa madhara waliyopata watu. Mfuko wa FRIVAO, uliowekwa Kisangani, uliundwa kwa ajili ya kugawa fidia hiyo. Tangu hapo wameonekana watu wanaouza fomu vijijini. Mwathirika halisi anahitaji karatasi zile zile tulizotaja juu, na hizo hazinunuliwi kwa mtu wa baiskeli.

Tunawashauri pia wanaume walio hai. Ndoa ya ukoo ambayo haikuandikwa etat civil humwacha mjane bila cheti mbele ya ofisi, nendeni mkaiandikishe. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Na mke ajue bati la fishi liko wapi.

Maswali ya kikundi

Katika kartie yenu, nani alikufa akiwa na kazi ya mshahara katika miaka 3 iliyopita, na nani amewauliza jamaa zake kuhusu karatasi?

Linganisheni majina yenu kwenye kadi ya uchaguzi, fishi na cheti cha ndoa. Wangapi wana tofauti?

Kama ninyi mngekuwa wapatanishi, mngemwendea yule shemeji lini, na nani angeanza kusema?