Nishati Inakwenda Wapi Treni Inapofunga Breki?

Mada hii inaunganisha mambo matatu uliyosoma kwa nyakati tofauti: uhifadhi wa nishati, msuguano, na usumaku-umeme. Watahiniwa wengi wanayajua moja moja. Wanakwama pale swali moja linapoyaleta yote.

Anza na unachokijua. Tuseme unashuka mteremko kwa baiskeli kuelekea Nambilanje, na nyuma umefunga gunia la ufuta unalipeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Hukanyagi pedeli, lakini kasi inaongezeka, kwa sababu nishati tuli uliyokuwa nayo juu inageuka kuwa nishati mwendo. Unabana breki, mipira inasugua rimu, kasi inapungua. Ukifika chini gusa rimu: ni ya moto. Joto hilo ni ile nishati mwendo iliyopungua. Breki haiharibu nishati, inaigeuza tu. Sentensi hiyo isikose kwenye jibu lako.

Sasa ondoa baiskeli, weka treni ya burudani. Katika viwanja vya michezo vya Marekani, Ulaya na Ghuba kuna treni ndogo za abiria zinazovutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kisha zinaachiwa zishuke, zipinde na kupanda tena kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Treni hizo hazina injini wala dereva. (Zipo zinazorushwa kwa mitambo badala ya kuangushwa, kama Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010 na inayofikia kilometa 240 kwa saa.) Kwa kuwa hakuna dereva, kwa kawaida breki zimefungwa kwenye reli, na treni inapita juu yake.

Mfano. Treni yenye tungamo la kilo 5,000 inaanguka kutoka kimo cha mita 20. Chukua g = 10 m/s² na upuuze msuguano njiani.

Nishati tuli = mgh = 5,000 × 10 × 20 = jouli 1,000,000.

Chini yote imekuwa nishati mwendo, kwa hiyo v² = 2gh = 400, na v = 20 m/s, yaani kilometa 72 kwa saa. Angalia kwamba tungamo limejifuta: treni tupu na iliyojaa zinafika chini kwa kasi ileile. Lakini breki haijali kasi peke yake. Ikitakiwa kusimamisha treni hii ndani ya mita 25, kazi ya breki ni kani × umbali, hivyo kani = 1,000,000 ÷ 25 = nyutoni 40,000. Ukiongeza abiria, kasi haibadiliki, ila kani inayohitajika inaongezeka.

Breki ya msuguano hubana bamba la chuma lililo chini ya treni kwa vipande viwili, kama koleo. Breki ya sumaku haigusi kitu. Bamba la shaba au aluminiamu linapita kati ya sumaku za kudumu, na mikondo ya umeme inazalishwa ndani ya bamba. Kwa Kanuni ya Lenz, mikondo hiyo inapinga mwendo ulioizalisha. Haihitaji umeme wa gridi, na hakuna kinacholika. Hapa ndipo mtego ulipo: treni ikipunguza kasi, mikondo nayo inapungua, na treni ikisimama kani inakuwa sifuri. Kwa hiyo breki ya sumaku inapunguza mwendo vizuri sana, lakini haiwezi kushikilia treni iliyosimama mlimani. Kushikilia ni kazi ya msuguano, au ya kitu kinachozuia moja kwa moja.

Tofauti hiyo kati ya kupunguza na kushikilia si ya darasani tu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kilima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ilianza kurudi nyuma. Iliteremka bila kudhibitiwa hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Treni haikuhitaji injini ili iwe hatari, maana kimo peke yake kilitosha.

Treni ya burudani inazuiwa isirudi hivyo kwa kifaa rahisi. Pembeni mwa mnyororo kuna meno ya chuma, na chini ya behewa kuna ulimi unaoruka jino moja baada ya jingine wakati wa kupanda. Mnyororo ukikatika, ulimi unang'ang'ania jino. Ule mlio wa ka-ka-ka unaosikika kwenye video ni huo.

Breki za msuguano za treni hizi hufuata wazo hilohilo la usalama. Aghalabu springi ndiyo inayobana, na upepo wenye kanieneo ndio unaoachia. Paipu ikipasuka, breki inafunga. Reli kubwa zilianza mapema: George Westinghouse wa Marekani alibuni breki ya upepo mwaka 1869, na mwaka 1872 akaiboresha ili upepo ukivuja breki zijifunge zenyewe. Ukiulizwa kwa nini mfumo ni salama, eleza kinachotokea unapoharibika.

Jambo moja zaidi, la barabarani. Lori la tani 10 likishuka kimo cha mita 100 kwa kasi isiyobadilika, breki zinapokea jouli 10,000,000. Kilo moja ya chuma inahitaji takribani jouli 460 kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Kama joto lote likiingia kwenye kilo 100 za chuma cha breki, halijoto inapanda kwa nyuzi 217 hivi. Breki zikichemka mno msuguano hupungua, ndiyo maana dereva mzoefu huweka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ibebe sehemu ya kazi.

Swali la kujipima: Treni ya mfano wetu ianguke kutoka mita 45, kani ya breki ikibaki nyutoni 40,000. Tafuta kasi yake chini na umbali wa kusimama.

Jibu: v² = 2 × 10 × 45 = 900, hivyo v = 30 m/s. Nishati = jouli 2,250,000. Umbali = 2,250,000 ÷ 40,000 = mita 56.25. Kasi imezidi mara moja na nusu, umbali umezidi mara mbili na robo.